Kufumua Bila Kuchana

Fundi cherehani husifiwa anaposhona, lakini hujulikana anapofumua. Mpelekee gauni linalokubana kiunoni, mwombe alitanue, kisha kaa kwenye benchi umtazame. Hakimbilii cherehani. Analigeuza gauni ndani nje, anaupitisha mshono katikati ya vidole, anatafuta mahali uzi ulipofungwa. Anakata hapo kwa ncha ya wembe, anavuta kidogo, anasogea, anakata tena. Kitambaa hakishtuki. Mwenye haraka angeshika pande mbili akavuta kwa nguvu. Mshono ungeachia, na kitambaa nacho kingechanika.

Mkono wa fundi huyo hunijia kila ninapoisoma ripoti moja ya kiwanda cha nguo cha Marekani. Iliandikwa na Lester Coch na John R. P. French, ikachapishwa mwaka 1948 katika jarida la Human Relations. Inahusu jambo linalomkuta kila anayeongoza watu: utaratibu wa kazi unabadilishwa, na wafanyakazi wanaukataa. Hawabebi mabango. Wanapunguza mwendo, wananuna, wanalalamika, na mwisho wengine wanaaga. Waandishi hao wawili walieleza jinsi kazi ya watu ilivyofumuliwa na kushonwa upya ndani ya kiwanda kimoja, mara moja kwa kuvuta na mara kadhaa kwa ncha ya wembe, na walipima kila siku matokeo ya kila njia.

Kiwanda chenyewe ni Harwood, katika mji mdogo wa Marion, jimbo la Virginia. Kilishona pajama. Kilikuwa na wanawake wapatao 500 na wanaume wapatao 100. Wengi walitoka vijiji vya milimani kuuzunguka mji. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 23, wastani wa masomo yao miaka 8, na kwa kawaida waliajiriwa bila kuwahi kufanya kazi ya kiwandani. Rais wa kampuni, Alfred Marrow, alikuwa msomi wa saikolojia. Tangu mwaka 1939 alimkaribisha kiwandani Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, aje kuitazama kazi kwa karibu. Baada ya Lewin alifuata Alex Bavelas, kisha French. Coch alikuwa meneja wa utumishi palepale.

Malipo yalikwenda kwa kipande: kadiri unavyotoa ndivyo unavyopata. Kila kazi, iwe kupiga pasi, kukunja au kukagua, ilikuwa imepimwa kwa saa na kugeuzwa kuwa yuniti, na kiwango cha kawaida kilikuwa yuniti 60 kwa saa. Hesabu ya kila mtu ilitolewa kila siku. Namba hiyo ilibeba mshahara wa binti wa watu, ikabeba na heshima yake mbele ya wenzake. Kuifikia kulichukua majuma mengi ya kujifunza, hadi vidole vifanye kazi bila kuulizwa.

Kisha mtindo unabadilika, soko linabadilika, na binti huyo anaambiwa kwamba kuanzia sasa kazi itafanywa namna nyingine. Harwood haikuwa kampuni katili. Ilisifika kwa kuwatendea watu wake kwa haki na uwazi, ilipigisha kura za kiwanda kizima juu ya mambo kadhaa, na aliyebadilishiwa kazi alilipwa nyongeza ya kufidia kipato alichopoteza wakati akijifunza upya. Hata hivyo, Coch na French walipopitia kumbukumbu za mamia ya wafanyakazi wazoefu waliobadilishiwa kazi, walikuta ni asilimia 38 tu waliorudi kwenye yuniti 60. Asilimia 62 ama walibaki chini ya kiwango, ama waliacha kazi wakiwa bado wanajifunza.

Maelezo mepesi yalikuwa kwamba mazoea ya zamani yanaushika mkono. Wapimaji wa kazi waliyachunguza hayo pia. Wakaona kwamba baada ya wiki ya kwanza, miondoko ya kukosea ilikuwa michache sana. Mkono ulikuwa umekwisha kujifunza. Aliyebaki nyuma alikuwa mwenye mkono.

Kulikuwa na mpiga pasi mmoja ambaye kisa chake kinaeleza hili kuliko jedwali lolote. Alikuwa katika kundi lililokuwa limejizuia, kila mmoja akitoa yuniti zipatazo 50 kwa saa. Alipoanza kuwazidi wenzake, walimgeuka, akawa wa kutupiwa lawama, na utoaji wake ukashuka. Baadaye kundi likavunjwa. Wenzake wote wakahamishiwa kwingine, akabaki peke yake na pasi yake. Ndani ya siku 4 alipanda kutoka yuniti zipatazo 45 hadi 96. Mikono ilikuwa ileile na pasi ileile.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ilivyofumuliwa, tukianza na kundi lililovutwa.

Hao walikuwa wapiga pasi 18. Walizoea kupanga pajama zilizokwisha kupigwa pasi, nusu dazeni kwa nusu dazeni, juu ya kipande bapa cha kadibodi chenye ukubwa wa nguo iliyokunjwa. Utaratibu mpya ulitaka nusu dazeni hiyohiyo ipangwe ndani ya boksi lenye ukubwa uleule, lililowekwa mahali palepale kadibodi ilipokuwa. Hilo tu. Mpima kazi alihesabu usumbufu wa boksi na kuongeza dakika 2 kwa kila dazeni. Kwa ujumla kazi ilibadilika kwa asilimia 8.8.

Nao hawakufokewa. Idara ya uzalishaji iliibadilisha kazi, bei mpya ya kipande ikapangwa, ndipo kikao kikaitwa. Wakaambiwa ushindani wa soko umelazimisha mabadiliko. Mpima kazi akaeleza bei ilivyopatikana, maswali yakajibiwa, kikao kikafungwa. Msomaji aliyewahi kufanya kazi ofisini atakitambua kikao hicho: kina adabu, kina maelezo, kina hata muda wa maswali. Kinachokosekana ni kitu chochote ambacho neno la aliyeketi pale lingeweza kukisogeza. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Wapiga pasi hawa walikuwepo, na lao bado halikuwepo.

Utoaji wao ulishuka mara moja hadi yuniti zipatazo 50 na ukakaa hapo siku zote 30 zilizofuatiliwa. Waligombana na mtaalamu wa mbinu za kazi, wakamwonyesha chuki msimamizi, wakapunguza mwendo kwa makusudi. Ndani ya siku 40 za kwanza, asilimia 17 walikuwa wameacha kazi. Walipeleka malalamiko kuhusu bei ya kipande, na ilipopimwa tena ilionekana imewapendelea kidogo: ilikuwa legevu kuliko ilivyostahili. Mtu anaweza kupewa bei nzuri na bado akaikataa, ikiwa ameipokea kama hukumu.

Kundi la pili lilikuwa wakunjaji 13. Zamani walikunja shati la pajama pamoja na suruali iliyowafikia ikiwa imekwisha kukunjwa. Sasa suruali ingefika wazi, na wao ndio waikunje. Ziliongezwa dakika 1.8 kwa dazeni, na badiliko zima lilikuwa asilimia 9.4, kubwa kidogo kuliko la wapiga pasi. Hapa ndipo wembe ulipotafuta fundo la uzi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuwaita wakunjaji wote kabla chochote hakijabadilishwa. Mbele yao ziliwekwa pajama mbili zilizoshonwa kiwandani humo, zinazofanana kabisa. Moja ilitengenezwa mwaka 1946, nyingine mwaka 1947, na ile ya 1946 ilikuwa imeuzwa kwa bei mara mbili ya mwenzake. Wakaulizwa: ipi ndiyo rahisi? Nawawazia wakizigeuza, wakipitisha kidole kwenye pindo, wakivuta mshono kama wavutavyo watu wanaojua mshono. Walishindwa kuzitofautisha.

Katika kazi nzima, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Uongozi ungeweza kusema kwa sentensi moja kwamba bei za soko zimeanguka. Wapiga pasi waliambiwa karibu hivyohivyo. Wakunjaji walikabidhiwa tatizo mikononi, kwa kitu wanachokijua kuliko meneja yeyote, wakaachiwa macho yao wenyewe yafike kwenye jibu. Walipolifikia, lilikuwa tayari ni lao. Wakakubaliana kwamba gharama inaweza kupunguzwa kwa kuondoa madoido yasiyo ya lazima kwenye nguo, bila kumzuia mkunjaji kufikia kiwango cha juu.

Hatua ya pili ilikuwa kuweka mpango wazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwanza kazi ipimwe kama inavyofanywa sasa. Kisha kila kisicho cha lazima kiondolewe. Kisha wafanyakazi wachache wafundishwe njia mpya, na bei ya kipande ipangwe kwa kuwapima hao. Baada ya hapo kazi mpya na bei yake vielezwe kwa wote, na mwisho wote wafundishwe ili wapande upesi. Utaratibu huu una kitu ambacho fundi yeyote atakiheshimu: hakuna hatua inayorukwa, na kila mtu anajua ya kesho kabla ya kesho kufika. Kundi liliukubali mpango, na lenyewe likawachagua wa kufundishwa mwanzo.

Hatua ya tatu ilikuwa kikao kidogo cha waliochaguliwa. Hapo palikuwa na saa ya mpima kazi na miondoko ya kukunja suruali iliyofika wazi: mkono upi uanze, wapi pa kuokoa sekunde. Mapendekezo mazuri yalianza kutoka mara moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu wa mbinu anaweza kuusomea mwendo wa mkono, lakini anayekunja kutwa nzima ndiye ajuaye mahali kitambaa kinapogoma. Ripoti imeandika jambo dogo ambalo mwangalizi asiye makini angeliacha lipite: wafanyakazi hao walianza kusema "kazi yetu" na "bei yetu". Nadhani Coch na French walijua hapo kwamba mshono umeshika.

Hatua ya nne ilikuwa kuwafundisha waliobaki, na waliochaguliwa wakasaidia kufundisha. Wakunjaji walishuka, kama ilivyotarajiwa, kisha wakapanda. Mwisho wa siku 14 walikuwa na wastani wa yuniti 61 kwa saa. Katika siku 40 za kwanza ilitokea mara moja tu mfanyakazi kumjia juu msimamizi, na hakuna aliyeacha kazi.

Yalibaki makundi mawili ya wakaguzi, moja la watu 8 na jingine la watu 7. Mkaguzi ndiye jicho la mwisho. Alizoea kukata nyuzi zilizobaki kwenye nguo nzima na kuukagua kila mshono. Kazi mpya ilimtaka aondoe nyuzi fulani tu, huku akiendelea kukagua kila mshono. Dakika 1.2 zilipunguzwa kwa kila dazeni, na kazi ikabadilika kwa asilimia 8. Tofauti na wakunjaji ilikuwa moja. Hapa hawakuchaguliwa wawakilishi: wakaguzi wote walikaa kuipanga kazi mpya, na wote walipimwa na mpima kazi.

Katika vikao hivyo mapendekezo yalimwagika kwa wingi hivi kwamba karani wa hati mkato alipata taabu kubwa kuyaandika. Hati mkato ni ufundi uliobuniwa kwa ajili ya kasi ya ulimi. Ukishindwa kwenda sambamba na mabinti 8 wanaozungumzia nyuzi za pajama, ujue ujuzi huo ulikuwa umekaa mle kiwandani siku zote, ukisubiri mtu wa kuuliza.

Siku ya kwanza wakaguzi walishuka kidogo. Siku ya pili walikuwa wamerudi walipokuwa. Baada ya hapo waliendelea kupanda hadi kiasi cha asilimia 14 juu ya kiwango chao cha zamani. Hakuna aliyeacha kazi katika siku 40, na hakuna ugomvi wowote na msimamizi ulioandikwa.

Ripoti ingeweza kuishia hapo, na mwenye shaka angesema kwamba wakaguzi walikuwa watu wema na wapiga pasi walikuwa wakorofi. Watafiti wakangoja. Miezi miwili na nusu baadaye, wapiga pasi 13 waliobaki kutoka lile kundi la kwanza walibadilishiwa kazi tena, safari hii kwa njia ya wakaguzi, kila mtu akishirikishwa. Walirudi upesi kwenye kiwango chao cha zamani, kisha wakakipita. Katika siku 19 zilizofuatiliwa hakuna aliyeacha kazi, wala hapakuwa na uhasama. Ni watu walewale waliogombana na mtaalamu wa mbinu kwa sababu ya boksi.

Ninauheshimu uvumilivu wa miezi hiyo miwili na nusu. Kiongozi mwepesi wa hasira angewaandikia wale 13 kwamba ni wapinzani wa maendeleo, na jina hilo lingewafuata hadi kustaafu. Aliyewarudia aliwachukua kama fundi anavyorudia kitambaa kilichoharibiwa na mvutano: anakinyoosha, anakipiga pasi, anatafuta uzi upya.

Haki ya ufundi inataka mipaka yake isemwe pia. Makundi haya yalikuwa madogo, katika kampuni ambayo tayari ilikuwa na desturi ya kusikilizana. French na wenzake walipojaribu njia inayofanana katika kiwanda cha viatu cha Norway, wakaandika matokeo mwaka 1960, utoaji haukupanda kama ulivyopanda Marion. Mambo ambayo wafanyakazi wa Norway walipewa kuyaamua hayakugusa sana kiasi cha uzalishaji, na si wote walioiona njia hiyo kuwa ndiyo stahiki ya kushughulikia mambo yao. Ushiriki una nguvu pale unapogusa kitu chenye uzito kwa mshiriki, na pale yeye mwenyewe anapoukubali kuwa ni halali. Mshono hushika kwa kufuata aina ya kitambaa.

Sisi tuna sababu yetu ya kuisoma habari hii kwa makini. Tanzania ilianzisha mabaraza ya wafanyakazi kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ukawakemea viongozi wenye majivuno na dharau kwa watu wanaowaongoza. Mabaraza yangalipo katika taasisi za umma. Kikao kipo, meza ipo, ajenda zinachapwa. Linaloamua kama baraza litafanana na kikao cha wapiga pasi au cha wakaguzi ni siku linapoitwa: kabla uamuzi haujafungwa, au baada ya kufungwa. Mfumo mpya wa kompyuta hospitalini, zamu mpya bandarini, fomu mpya ya mahudhurio shuleni, kila kimoja kina boksi lake linalowekwa mahali pa kadibodi. Aliye juu huliona ni boksi tu. Anayelitumia mara mia kwa siku huhisi kuta zake.

Basi neno langu kwa mwenye mamlaka ya kubadilisha kazi za watu ni hili. Kabla ya kuitisha kikao, jiulize kama kuna jambo lolote ambalo neno la mfanyakazi bado linaweza kulibadilisha. Kama hakuna, usikiite mashauriano; sema wazi kwamba ni taarifa. Kama lipo, waite mapema, waite wote, weka pajama mbili mezani, na umweke karani karibu mwenye kalamu nzima.